Kitanda cha Kumi na Tatu

9 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, magoti yametulia, na baba akiwa amekuachia japo kijiko kimoja cha sukari ndani ya kopo. Mimi sijambo. Nimepata chumba ghorofa ya pili, juu ya duka la cherehani. Mchana kutwa wateja wanazijaribu na sakafu inanitekenya nyayo. Nimeshazoea, zikinyamaza ndipo naona kuna kasoro.

Baba ameniambia kwamba tangu niondoke hutaki neno kompyuta litajwe mezani. Ndiyo maana sikupigi simu. Na wewe mwenyewe ulishasema simu ni chombo cha waongo, kwa sababu mtu hujibu "niko salama" kabla hajaulizwa. Basi nimenunua karatasi.

Kazi yenyewe ni hii. Ofisi yetu inawatengenezea watu kurasa za kwenye kompyuta, na mimi nimepewa miezi sita ya majaribio. Nikifaulu wananiajiri, nikishindwa utaniona mlangoni na sanduku langu. Nimekabidhiwa ukurasa wa wodi ya hospitali moja. Muuguzi anakaa mezani, skrini iko mbele yake, na kwenye skrini kumechorwa vitanda kumi na viwili. Mgonjwa akiita, kitanda chake kinageuka chekundu. Muuguzi anakibofya, spika iliyo kitandani inafunguka, wanaongea. Wekundu ni kazi ya mwenzangu. Kubofya ni kwangu.

Wewe uliyefunga kengele za hospitali miaka thelathini na moja utanielewa kuliko wote walioko hapa. Kila kitu kilichomo kwenye ukurasa, iwe kichwa cha habari, picha au kitufe, tunakiita kipengele. JavaScript ndiyo lugha ya kuviamrisha. Lakini huwezi kuamrisha kitu ambacho hujakishika. Kwanza unakitafuta, unakipata, halafu unakifungia sikio: ukibofywa, fanya hivi. Nilitumia amri ya kutafuta inayoitwa querySelector, nikafunga sikio, nikabofya kitanda cha kwanza. Spika ikafunguka! Nilisimama nikajipigia makofi. Nikabofya cha pili, kimya. Cha tatu, kimya. Vyote kumi na moja vimejilalia kama hayavihusu. Leo siku ya tatu sijajua kwa nini, na kumwuliza msimamizi naona haya.

Nisalimie baba, umwambie geti haliwezi kujipaka rangi.

Mpwa wako,
Bisibisi


27 Februari

Mwanangu Bisibisi,

Marahaba. Magoti yapo, yananipeleka na kunirudisha. Sukari imekwisha kama ulivyotabiri. Baba yako ameanza geti: amepaka upande mmoja, akavuta kiti akakaa kuusifu, na hii ni wiki ya pili anausifu. Mabomba yanatoa maji. Mama wa nyumba ya kona amejifungua pacha, na sasa mtaa mzima tunaamshwa nao alfajiri bila malipo. Nyumba ni salama, na safari hii umeuliza kwanza ndipo nimejibu.

Tusafishane mapema. Mimi sikukasirika. Ile nafasi niliyokuombea karakana ya hospitali amepewa mwingine, bwana mmoja anayeshika koleo kana kwamba litamuuma. Hiyo ni habari nakupa, si lawama. Uliondoka siku mbili kabla ya kuanza kazi, ukaacha ovaroli niliyokupunguzia mikono ikining'inia nyuma ya mlango. Hiyo nayo ni habari.

Hukuniambia ni hospitali gani. Siulizi.

Kuhusu vitanda vyako vilivyojilalia: kompyuta siijui, lakini wodi naijua. Ukisimama mlangoni ukaita "Nesi!", anageuka yule wa kwanza kukusikia, wengine wanaendelea na kazi zao. Hawajakosea, wewe umeita mmoja. Hebu itazame hiyo amri yako ya kutafuta, isije ikawa inapata mmoja na kuridhika.

Na hiyo haya ya kuuliza itupe. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa mwanamke peke yangu karakana nzima. Niliona haya kuuliza, nikaunguza transfoma mbili. Baada ya hapo niliuliza mpaka nikawa kero, wakawa wakiniona wanajifanya wanakunywa chai. Hakuna kilichoungua tena mkononi mwangu.

Mtu aliyekasirika haandiki kurasa mbili.

Shangazi yako


22 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa sababu umepatia! Umepatia bila kuiona hata hiyo skrini. Kumbe querySelector inaniletea wa kwanza tu, basi, kazi yake imekwisha. Ipo dada yake, querySelectorAll, hiyo ndiyo inayoleta wote kwa orodha. Ukishaipata orodha unapita kitanda baada ya kitanda, kila kimoja unakifungia sikio lake. Nilimweleza msimamizi wetu (tunamwita Bwana Subiri, maana ndilo neno lake) kwamba nimesaidiwa na shangazi yangu fundi umeme. Alicheka. Kisha akaacha kucheka akaniuliza unafanya kazi wapi. Nikamwambia mbali.

Ngoja nikuchekeshe. Baada ya kufunga masikio yote kumi na mawili nilifungua ukurasa kwa mbwembwe, nimewaita na wenzangu waje waone. Kabla sijagusa kitu, spika zote kumi na mbili zikafunguka kwa mpigo. Tulikuwa tumezipanga kwenye meza moja, zikasikiana, zikaanza kupiga mayowe. Ofisi nzima ilishika masikio. Mhasibu wa chumba cha pili alitoka mbio na koti mkononi akidhani ni moto. Kosa lilikuwa langu na lilikuwa dogo tu: sikio unatakiwa uliachie jina la kazi itakayofanywa baadaye, mtu akibofya. Mimi niliiamrisha kazi yenyewe ifanyike palepale. Nimekwisha rekebisha, na mhasibu nimemwomba radhi, ingawa bado ananitazama kwa mashaka.

Sasa nikibofya chochote kinaitika. Vyote kumi na viwili, Shangazi! Tarehe 15 Aprili Muuguzi Mkuu wa hospitali hiyo anakuja mwenyewe kuujaribu ukurasa, na hicho ndicho kipimo changu. Nakula vizuri, nalala vizuri, na kichwa kimevimba kidogo, sikufichi.

Huko karakana kuna jipya?

Mpwa wako,
Bisibisi


4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba zote mbili. Baba yako amemaliza geti. Rangi ya kwanza ilimwishia, upande wa pili umekuwa na rangi nyingine, anasema ndiyo mtindo. Pacha wa kona wamepata mafua, kwa hiyo tumelala siku mbili.

Mhasibu wenu nimemhurumia. Kengele inayolia bila kubonyezwa ni nyaya zimegusana, na hakuna fundi ambaye hajawahi kuzigusanisha. Usijali.

Karakana hakuna jipya.

Kila la heri siku ya kumi na tano. Vaa nguo isiyokubana. Ukikaa mbele ya Muuguzi Mkuu usichezeshe mguu, hapendi.

Shangazi yako


17 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini nyumbani ni wazima. Sitaandika sana.

Alikuja saa nne asubuhi, mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa mnyororo. Sikuchezesha mguu. Alikaa kwenye kiti changu akabofya kitanda cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka cha kumi na mbili. Vyote viliitika. Bwana Subiri alikuwa ameanza kutabasamu. Mimi nilikuwa nimekwisha anza kukuandikia barua kichwani.

Akasema, "Vizuri. Lakini wodi yetu ikijaa huwa tunaweka vitanda kwenye korido. Hebu niongezeeni kimoja."

Kitufe cha kuongeza kitanda kipo, mwenzangu alikitengeneza. Akakibofya, kitanda cha kumi na tatu kikajitokeza chini ya vingine, kizuri, hakina tofauti na wenzake. Mwenzangu akakiita, kikawa chekundu. Muuguzi Mkuu akakibofya. Kimya. Akakibofya tena. Kimya. Akanigeukia.

"Huyu mgonjwa ananiita na mimi siwezi kumjibu. Nimfanyeje, nimpungie mkono?"

Walicheka, Shangazi. Hata mhasibu alicheka. Uso ulinishuka mpaka nikajisikia joto shingoni. Nimepewa muda hadi tarehe 3 Julai, baada ya hapo hakuna tena. Alipokuwa anatoka akanishika bega, akasema, "Usinichukie mimi. Fundi wetu wa kengele ndiye aliyenituma. Aliniambia, msihangaike na vile kumi na viwili, nyinyi ombeni cha kumi na tatu."

Niliitoa barua yako mkobani nikaisoma upya pale pale. "Hapendi." Ulijuaje kama hapendi?

Ulijua ni hospitali yako. Ulijua nitaanguka, na ulijua nitaangukia wapi. Ukanitakia kila la heri.

Mpwa wako


5 Mei

Mwanangu,

Umenisalimia nusu, lakini marahaba nzima. Sisi wazima. Baba yako amehamia kwenye paa, tunamwombea.

Ndiyo, nilijua. Mimi na Muuguzi Mkuu tumefanya kazi pamoja miaka ishirini, unadhani angeweza kunificha? Na uliponiandikia vitanda kumi na viwili na spika, nikajua ni wodi ya sita.

Sasa nami nikuulize. Wewe ulijua lini? Maana barua zako zote ni "hospitali moja", "hospitali hiyo", kama mtu anayemsengenya jirani huku jirani yuko dirishani. Ningekueleza vipi habari za korido ya wodi ambayo wewe hukutaka kunitajia?

Siombi radhi. Kitanda cha kumi na tatu ni lazima kiitike.

Shangazi yako


11 Juni

Mwanangu Bisibisi,

Wiki tano hujajibu. Hiyo jeuri umeirithi, na hukuirithi kwa baba yako.

Anasema umempigia simu ukamwambia kwamba umekwama, na kwamba hata kabla ya tarehe tatu umeanza kukunja nguo. Alishuka kwenye paa kuja kuniambia, na wewe unajua baba yako hashuki kwa jambo dogo. Basi nimekaa, nimechukua karatasi, na nitakuandikia kitu ambacho sijamwandikia mtu wala kumsimulia.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Zamani zile, wodi ya sita, kila kitanda kilikuwa na waya wake peke yake mpaka kwenye meza ya wauguzi. Wodi ikajaa, wakaweka kitanda cha kumi na tatu kwenye korido. Nikaitwa. Nikafunga kitufe ukutani, kikakaa sawasawa, nikakifuta na kitambaa. Kitufe ni kazi ya dakika kumi. Kuvuta waya kutoka pale mpaka mezani ni kazi ya saa tatu, na mimi nilikuwa na njaa. Nikasema nitauvuta kesho.

Mchana ule akalazwa pale mama mmoja, mwalimu mstaafu, ametoka kupasuliwa juzi yake. Alitaka msaada, akabonyeza. Hakuja mtu. Akabonyeza tena. Alikuja kuniambia baadaye kwamba alibonyeza mara kumi na tisa. Alihesabu, kwa sababu alikuwa mwalimu wa hesabu. Mwishowe akaamua kushuka mwenyewe, akaanguka, akavunjika nyonga.

Hakufa. Alitembea na mkongojo miaka yote iliyobaki, na kila tulipokutana alinisalimia kwa uso mkunjufu akaniulizia kazi. Hilo ndilo lililoniumiza. Kwenye faili waliandika kwamba mgonjwa aliteleza. Hakuna aliyenishtaki, maana hakuna aliyejua. Mimi nilijua. Ukutani palikuwa na kitufe kinachoonekana kizima, na nyuma yake hapakuwa na kitu.

Nikaomba ruhusa, nikang'oa kila waya wa wodi ile. Sikurudisha waya wa kitanda hata kimoja. Nilivuta mstari mmoja tu, ukazunguka ukuta wote na kupita korido yote, na mezani nikaweka kengele moja inayosikiliza mstari mzima. Kila kitanda nikakipa plagi yenye namba yake. Kikija kitanda kipya, nesi mwenyewe anachomeka, basi. Kengele haijali vitanda ni vingapi wala vimekuja lini. Ikilia, ubao wa mezani unaonyesha namba ya aliyebonyeza. Tangu siku hiyo hapajawahi kuwa na kitanda kiziwi kwenye wodi yangu.

Lugha yako siijui. Lakini nadhani umewafungia masikio waliokuwepo asubuhi, halafu mchana amekuja mgeni. Jaribu kuifungia sikio wodi yenyewe.

Niliogopa, mwanangu. Niliogopa ukurasa wako uingie wodini una kitanda kiziwi, mtu aanguke, na wewe ubebe nilichokibeba mimi. Nikaona heri uchekwe na ofisi. Kwa hilo siombi radhi hata leo. Lakini kukutakia kila la heri huku najua nimekutegea, hapo nilikukosea, na nakuomba unisamehe.

Uliniuliza kama karakana kuna jipya, nikakujibu hakuna. Lipo. Nastaafu tarehe 31 Agosti, na kengele zangu zinang'olewa kupisha skrini zenu. Nilijua tangu Januari.

Sasa zikunjue hizo nguo.

Shangazi yako


8 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini baba ameshuka salama na paa limebaki juu. Nimenyamaza muda mrefu, na nilipotaka kuandika nikaona aibu, kwa hiyo nikasubiri niwe na la kuandika.

Nianze na langu. Nilijua tangu siku ya kwanza. Faili nililokabidhiwa lilikuwa na jina la hospitali kwenye jalada, na ndani yake michoro ya wodi ya sita, na pembeni ya michoro maandishi yako. Ule mwandiko wako unaolalia kushoto ningeujua popote. Nilitaka kuikataa kazi. Nikaenda mpaka mlangoni kwa Bwana Subiri, akaniambia subiri, na nilipokuwa nasubiri moyo wa kukataa ukaniishia. Ningekuambia vipi kwamba kazi yangu ya kwanza maishani ni kuiondoa kazi yako ya maisha? Niliogopa utanyamaza kabisa. Ndipo nikaandika "hospitali moja", kama mwizi. Nisamehe na wewe.

Barua yako niliisoma nimekaa kwenye ngazi za duka la cherehani. Nililia mpaka mwenye duka akaniletea kiti. Siku ya pili yake niliingia ofisini wa kwanza, nikafungua masikio yote kumi na mawili, moja moja, nikayatupa.

Ulivyosema ndivyo ilivyokuwa. Ile orodha ya querySelectorAll ni picha iliyopigwa asubuhi, aliyeingia mchana hayumo. Vitanda vyote vimo ndani ya boksi moja kubwa, na boksi hilo ndilo wodi. Sikuwahi kulijali. Kumbe mtu akibofya kitanda, mbofyo hauishii pale kitandani, unapanda mpaka kwenye boksi lililokibeba. Nikafunga sikio moja tu, kwenye boksi. Na kila mbofyo unakuja na habari yake, unaweza kuuliza: umetoka kwa nani?

Nikaongeza kitanda cha kumi na tatu. Nikakibofya. Kikaitika. Nikabofya cha pembeni yake, kimya! Nilikaribia kuivunja meza. Baada ya kuuliza (niliuliza, Shangazi, watu watatu, na mmoja wao mhasibu) nikagundua kwamba safari hii nilikuwa nimebofya katikati ya kitanda, palipochorwa mgonjwa. Kwa hiyo sikio lilipouliza umetoka kwa nani, likajibiwa: kwa picha. Na picha haina namba. Ikabidi nililieleze sikio kwamba chochote kikibofywa, lipande kutoka hapo mpaka likutane na kitanda kilichokibeba kitu hicho, ndipo lisome namba. Hilo nililipata peke yangu. Naomba ulisome mara mbili.

Tarehe tatu Muuguzi Mkuu alikuja. Hakugusa hata kimoja katika vile kumi na viwili. Aliongeza cha kumi na tatu, akakibofya, akasikia mlio wa spika. Akaongeza mpaka ishirini. Akaondoa vitatu, akarudisha viwili, akabofya upesi upesi kama anayeua mbu. Vyote viliitika. Akavua miwani.

"Nani amekufundisha hivi?"

"Fundi wenu wa kengele," nikasema.

"Nilidhani hivyo," akasema, na akaniomba kalamu, akatia sahihi.

Nimeajiriwa. Bwana Subiri alinipa mkono mbele ya watu wote, na safari hii waliopiga makofi ni wao. Nilitaka wote wajue nimetoka mkononi mwa nani, nikawaambia. Nitakayemwona kesho nitamwambia tena.

Mpwa wako,
Bisibisi


1 Septemba

Fundi mwenzangu,

Marahaba. Tuko wazima wote. Paa limekwisha na halivuji, kwa hiyo baba yako hana raha, anatafuta pa kupanda. Pacha wameota meno. Nimepokea barua yako na ile habari ya picha nimeisoma mara mbili kama ulivyoomba, kisha nikamsomea baba yako, kisha nikamsomea mama wa pacha ambaye hakuwa ameomba.

Kengele za wodi ya sita nimezing'oa kwa mikono yangu. Yule bwana wa koleo nilimwambia ashike ngazi tu. Nililia kidogo, ila vumbi lilikuwa jingi, hakuna aliyegundua. Halafu watu wenu wakafunga skrini, na Muuguzi Mkuu akanipisha kiti akasema, "Haya, kazi kwako."

Nilikaa pale na nia mbaya, nakuambia ukweli. Nilibofya vitanda kwenye ncha. Nikabofya picha. Nikabofya miguu ya picha. Nikaongeza vitanda mpaka wodi ikawa kama soko, nikaviondoa, nikavirudisha. Mwisho nikamtuma nesi mmoja kwenye korido akalale kwenye kitanda cha kumi na tatu na kuita. Kikawa chekundu. Nikakibofya.

"Nakusikiliza," nikasema.

"Shangazi," akasema, sauti yake imenifikia mezani kama nimekaa naye, "mwambieni mwenye hospitali hii mito ni migumu."

Nimebofya mara mia moja na nne. Hakuna kilichonyamaza.

Najivuna, mwanangu. Nimeandika neno hilo kwa wino na sitalifuta. Nilikuombea nafasi karakana nikidhani nakupa kitu kikubwa, na nilipoona ovaroli nyuma ya mlango nilidhani umekitupa. Hukukitupa. Umekichukua ukaenda nacho mbali kuliko ngazi yangu inavyofika. Nimezunguka wodi nzima nikiwaambia manesi, wafagiaji na wagonjwa ni nani aliyeifanya kazi hii. Mgonjwa mmoja alikuwa amelala, nikamngoja aamke.

Sasa kuna jambo moja limebaki. Kila wodi ina daftari la vifaa. Kifaa kikifungwa, inaandikwa mistari miwili: fundi aliyefunga, na chini yake, fundi aliyekagua. Kwa miaka thelathini na moja nimetia sahihi kwenye mistari yote miwili, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Jana, siku yangu ya mwisho, nilitia sahihi ule wa chini. Muuguzi Mkuu akaniuliza, "Na huu wa juu?" Nikamwambia una mwenyewe.

Njoo uujaze. Kalamu imefungwa kwenye daftari kwa uzi, na nimewakataza wasiufungue ukurasa unaofuata.

Shangazi yako